Dawa ya Presha Ijue kwa Jina na kwa Madhara Yake

Mtu akikwambia kwamba dawa za presha ni sumu, hasemi uongo mtupu. Dawa yenye nguvu ya kushusha shinikizo la damu ina nguvu ya kuumiza pia, na historia ya tiba hii ina mifano ambayo daktari mkweli hawezi kuificha. Praktololi, dawa ya Uingereza iliyotumiwa kwa moyo na presha, iliwakausha watu macho hadi wengine wakapoteza kuona, na wengine ikawafanya utumbo ugandamane tumboni; ikaondolewa katikati ya miaka ya 1970. Asidi tieniliki iliingia sokoni Marekani mwaka 1979, na mwaka uliofuata ikaondolewa kwa kuharibu maini. Mibefradili ilidumu karibu mwaka mmoja tu, ikafutwa mwaka 1998 baada ya kuonekana kwamba ikikutana mwilini na dawa nyingine nyingi huleta hatari kubwa. Kwa hiyo wewe unayeishi Kihonda, Mgeta, Matombo au Kinole, ukiwa na kadi ya kliniki na pakiti ya vidonge kabatini, una haki ya kuuliza. Ila uliza swali litakalokufaa: hatari ipi, ya dawa ipi, kwa mtu gani, na ikilinganishwa na nini? Hoja ya mwongozo huu ni kwamba hatari za dawa hizi zinajulikana kwa majina, na karibu zote zina kinga. Anayezijua hujilinda. Anayezibeba kama hofu isiyo na umbo huacha dawa kimyakimya, na gharama ya kukaa bila dawa imewahi kupimwa hapa hapa Morogoro.

Kati ya mwaka 1992 na 1995, Wizara ya Afya pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walifuatilia vifo vya watu wazima katika maeneo matatu ya Tanzania: sehemu ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai, na Morogoro Vijijini. Matokeo yaliyohusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la The Lancet. Kwa kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, Morogoro Vijijini walikuwa wanakufa kwa kiharusi wanaume 35 na wanawake 27 kila mwaka. England na Wales, kwa umri huohuo mwaka 1993, walikufa wanaume wasiozidi 11 na wanawake wasiozidi 9. Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya zaidi, wanaume 65 na wanawake 88. Zitazame tarakimu za Morogoro kwa makini, kwa sababu eneo hilo ndilo lililokuwa maskini kuliko mengine mawili. Hawa walikuwa wakulima, watu wa jembe na miguu, na bado walikuwa wakifa kwa kiharusi mara tatu ya Waingereza wenye magari na siagi. Watafiti waliona sababu inayoelekea zaidi kuwa ni presha isiyotibiwa. Mwaka huohuo wa 2000 ulichapishwa utafiti mwingine uliopima watu Dar es Salaam na Hai: miongoni mwa waliokuwa na presha, chini ya mmoja kati ya watano walijua kwamba wanayo, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa kwenye matibabu, na waliofikia kipimo salama hawakutimia mmoja kati ya mia. Sina sababu ya kudhani kwamba vijiji vya milima ya Uluguru, huku Morogoro, wakati huo vilikuwa na huduma bora kuliko Hai. Basi marehemu wale wa miaka ya 1990 hawakuuawa na vidonge, maana karibu wote hawakuwa wanavimeza.

Msomaji makini atapinga hapa. Atasema kwamba vifo vile havikuthibitishwa hospitalini. Sababu ilitafutwa kwa kuwahoji ndugu wa marehemu, na ndugu si madaktari. Pingamizi hilo lina uzito kwa magonjwa mengi, kama malaria au saratani ya tumbo, lakini kwa kiharusi lina uzito mdogo. Mtu aliyelala mzima akaamka mkono na mguu wa upande mmoja vimekufa, mdomo umepinda na maneno hayatoki, hahitaji mtaalamu kutambuliwa. Makosa ya kuhesabu huenda yalikuwepo, lakini si ya kuifanya tofauti ya mara tatu iwe bure.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi: wazee wetu waliishi bila vidonge hivi. Waliishi, ndiyo, na waliopasuka mishipa ya ubongo walizikwa kwa majina mengine, wengine wakisemwa wamerogwa. Hata matajiri hawakunusurika kabla dawa hazijapatikana. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alikuwa na madaktari wa jeshi la majini wakimpima presha yake ikipanda mwaka hadi mwaka, na hawakuwa na cha kumpa kilichoweza kuishusha kwa uhakika. Alikufa kwa damu kuvuja kwenye ubongo tarehe 12 Aprili 1945. Miaka 22 baadaye matokeo ya jaribio la hospitali za maveterani wa Marekani yalitangazwa. Wanaume 143 wenye presha kali sana waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa dawa halisi na wengine vidonge visivyo na kitu. Waliokumbwa na balaa kubwa katika kundi la vidonge vitupu walikuwa 27. Katika kundi la dawa walikuwa 2. Dawa zenyewe zilikuwa resepini, haidralazini na haidroklorothayazidi. Resepini inaweza kumtia mtu huzuni nzito, na haidralazini ikitumiwa kwa wingi huleta maumivu ya viungo yenye kufanana na ugonjwa wa lupasi. Dawa kali za zamani, zenye madhara ambayo leo tungeyakwepa, ziliokoa kuliko kukaa bila dawa. Za leo ni laini zaidi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 uliokusanya majaribio mengi ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya kipimo cha presha kwa alama 10 hupunguza kiharusi kwa zaidi ya robo.

Hatari ya kwanza basi haimo kwenye kidonge. Ni kupewa dawa ya ugonjwa usio nao. Presha ya mtu aliyeshuka kwa miguu kutoka Nyandira au Kibungo, akasimama foleni juani, kisha akavalishwa kifaa cha kupimia mara tu alipoketi, itasoma juu hata kama ni mzima. Kaa umetulia dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na usiongee. Kama umebanwa na mkojo, nenda kwanza. Kama umekunywa kahawa au kuvuta sigara muda mfupi uliopita, sema. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kinapaswa kurudiwa siku nyingine kabla ya kukuandikia dawa ya maisha, isipokuwa kama kiko juu mno au una dalili za hatari. Kumwomba muuguzi arudie si utovu wa adabu. Ni jambo analofundishwa chuoni, na foleni ndefu humfanya aliruke.

Dawa ikishaandikwa, jua jina lake. Neno "dawa ya presha" peke yake halikusaidii, kwa sababu madhara ya moja si ya nyingine. Chukua amlodipini, inayotolewa sana siku hizi. Humvimbisha mtu vifundo vya miguu, hasa jioni, na siku za mwanzo huweza kuleta kichwa kuuma. Uvimbe huo hautoki kwenye figo wala kwenye moyo. Mishipa midogo ya miguu imelegea na maji yanachuja. Lakini huku kwetu mguu ukivimba, jirani husema figo zimekufa, na mgonjwa huacha dawa, au huongezewa dawa ya kukojoza ambayo hakuihitaji, ikamletea madhara yake mapya juu ya yale ya kwanza. Ukiona uvimbe, rudi useme: "Nimeanza amlodipini tarehe fulani, miguu ikavimba baada ya hapo." Sentensi hiyo moja itamfanya mganga wa zahanati afikirie kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Akiwa na wasiwasi, mkojo na damu vitapimwa na ukweli wa figo utajulikana.

Enalapili, kaptopili, lisinopili na jamaa zao wana dhara linalopoteza watu zaidi: kikohozi kikavu kisichoisha, kinachoweza kuanza wiki au miezi baada ya kuanza dawa. Katika mkoa wenye kifua kikuu, mgonjwa wa namna hii huzungushwa kwa dawa za mafua, kisha antibayotiki, kisha makohozi mara mbili, na hakuna anayetazama kadi yake ya presha. Kupima kifua kikuu ni sahihi, usikatae. Ila taja dawa yako siku ya kwanza. Dhara jingine la kundi hili ni adimu lakini ni la dharura: midomo, ulimi au koo kuvimba ghafla. Sisi Waafrika hutupata mara kadhaa zaidi kuliko Wazungu, na linaweza kuziba njia ya hewa. Likitokea, hakuna kusubiri asubuhi. Ni kwenda kituo cha afya saa hiyohiyo kwa bodaboda au kwa machela, na dawa hiyo usiimeze tena maishani. Jua pia kwamba kwa Waafrika wengi dawa za kundi hili zikitumiwa peke yake hushusha presha kwa shida. Jaribio la CREOLE lililochapishwa mwaka 2019, lililofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ndani yake ilishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Kwa hiyo ukiwa unameza enalapili pekee kwa miezi na kipimo hakishuki, tatizo huenda si uzembe wako.

Kwa mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, jambo hili halina mjadala. Enalapili, kaptopili, losatani na za jamii zao hazitumiki katika ujauzito. Huharibu figo za mtoto tumboni, hupunguza maji ya uzazi, na zinaweza kumuua. Mama akijigundua ni mjamzito anapaswa kwenda kliniki siku hizohizo abadilishiwe, asisubiri tarehe ya kadi. Asiache dawa zote akakaa nyumbani, kwa sababu presha ya mimba nayo huua mama na mtoto kwa kifafa cha uzazi. Methilidopa na nifedipini ya kufanya kazi polepole zimetumiwa kwa wajawazito miaka mingi. Mwanamke yeyote mwenye umri wa kuzaa anayeandikiwa dawa ya presha anapaswa kuulizwa kuhusu mimba na uzazi wa mpango, na asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Nimeitaja nifedipini, na hapa kuna kosa la zamani ambalo bado linazungumzwa kama tiba ya haraka: kupasua kapsuli ya nifedipini, au kuiweka chini ya ulimi, ili presha iliyopanda ishuke palepale. Inashuka kweli, tena kwa kasi isiyotawalika. Ubongo na moyo vilivyozoea msukumo mkubwa hunyimwa damu kwa ghafla, na mtu aliyekuja akitembea hupata kiharusi au mshtuko wa moyo kutokana na tiba. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani wakitaka mtindo huo ukomeshwe, baada ya kukusanya taarifa za wagonjwa walioumia. Presha iliyo juu sana bila dalili yoyote hushushwa kwa siku na wiki, kwa vidonge vya kawaida. Ile yenye maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, macho kupoteza nuru au mwili kupooza ni ya hospitali. Katikati ya hayo mawili hakuna nafasi ya duka la dawa kukuwekea kitu chini ya ulimi.

Dawa za kukojoza, kama bendrofluazidi, haidroklorothayazidi na furosemaidi, hupunguza maji na chumvi mwilini, na hatari yake hufuata hali ya hewa na tumbo. Mtu anayelima bondeni Mvuha au Ngerengere wakati wa kiangazi, akitoka jasho kutwa, anapoteza maji mara mbili. Akiharisha na kutapika, anapoteza mara tatu. Udhaifu, misuli kukaza, kizunguzungu na kuchanganyikiwa kwa mzee aliyeanza dawa hizi karibuni ni ishara za madini ya damu kuyumba, na kipimo cha damu hospitalini kitaonyesha. Hizi pia huweza kupandisha sukari kidogo na kuamsha jongo kwenye kidole gumba cha mguu. Haidroklorothayazidi ina onyo jingine la mwaka 2018 kutoka mamlaka ya dawa ya Ulaya: matumizi ya miaka mingi yamehusishwa na saratani za ngozi zisizo za melanoma, kwa watu weupe wanaochomwa na jua. Kwa Mtanzania mwenye ngozi nyeusi onyo hilo halina uzito mkubwa. Kwa ndugu yetu mwenye ualbino, ambaye jua la mashambani tayari ni adui wa ngozi yake, naona ni busara amwombe daktari dawa nyingine, na daktari anazo za kutosha kuchagua.

Propranololi na atenololi hupunguza mapigo ya moyo. Mwenye pumu asipewe, hasa propranololi, kwani hubana mirija ya mapafu. Hatari yake ya pili iko kwenye kuzikatisha ghafla: moyo uliozuiwa kwa miezi hufunguliwa mara moja, mapigo yakaruka, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata mshtuko. Kulonidini ni kali zaidi kwa jambo hili, presha hurudi juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hapo ndipo wengi hupata ushahidi wao wa uongo. Huacha kidonge bila kumwambia mtu, huzidiwa baada ya siku chache, kisha husema dawa imewafunga kama pombe inavyomfunga mlevi. Dawa hizi hazilevyi. Zinapaswa kupunguzwa hatua kwa hatua na mtu mwenye kipimo mkononi.

Sasa nifike kwenye figo, kwa sababu hilo ndilo shitaka linalosemwa zaidi, kwamba vidonge vya presha vinamaliza figo. Kwa sehemu kubwa mshitakiwa ni mwingine. Presha yenyewe ndiyo huchakaza vichujio vya figo mwaka baada ya mwaka bila maumivu, na mgonjwa hufika hospitalini akiwa na vidonge mfukoni na figo zilizoharibika zamani. Kwa kuwa vidonge ndivyo vinavyoonekana, ndivyo vinavyolaumiwa. Kaptopili na wenzake hulinda figo za watu wengi wenye kisukari. Lakini kuna hali moja ambayo dawa hizi hushiriki kweli kuziangusha figo, nayo ni ya kawaida mno milimani. Mkulima anayepandisha mizigo ya kabichi na viazi kwenye njia za Mgeta huumwa mgongo na magoti. Hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani, humeza kila siku kwa wiki kadhaa, na hazihesabu kuwa dawa kwa sababu hazina kadi. Dawa hizo za maumivu kwanza hupandisha presha na kuzima kazi ya vidonge vyake. Pili, zikikutana na enalapili au losatani, na dawa ya kukojoza, zote tatu mwilini mwa mtu mmoja aliyepungukiwa maji, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Ukiwa na presha, maumivu ya kawaida yatulize kwa parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa, na kila unaponunua dawa yoyote dukani taja dawa zako za presha kwanza. Na siku unayoharisha au kutapika sana, nenda zahanati siku hiyohiyo ukaulize kama vidonge fulani visimamishwe hadi upone. Mara nyingi jibu litakuwa ndiyo, kwa siku chache, kisha unaendelea.

Wanaume wana sababu yao ya kuacha dawa, na huwa hawaisemi kliniki: nguvu za kiume. Malalamiko hayo yana msingi. Dawa za kukojoza na za jamii ya atenololi zinaweza kuzipunguza, ingawa presha yenyewe na kisukari huzipunguza pia kwa kuharibu mishipa. Amlodipini na losatani mara nyingi hazina tatizo hilo. Mwambie daktari, hata kama ni msichana wa umri wa binti yako. Amefundishwa kusikia hayo. Vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa mkononi usivichanganye na dawa ya moyo ya aina ya naitreti, mchanganyiko huo unaua.

Wapo watakaosema: basi niache ya hospitali nitumie ya msituni, ya Mungu, isiyo na kemikali. Naiheshimu elimu ya Waluguru ya mimea, na misitu ya Uluguru ina utajiri ambao sayansi haijaumaliza. Lakini hoja ya kwamba mti ni mpole kuliko kidonge inaangushwa na resepini ile niliyoitaja juu. Ilitolewa kwenye mizizi ya mmea wa India wa jamii ya Rauvolfia, na wanakemia wa kampuni ya dawa ya Ciba mjini Basel waliitenga mwaka 1952. Jamii hiyohiyo ya mimea inaota Tanzania. Mmoja wao ndio msesewe ambao Wachaga hutia ganda lake kwenye mbege. Huzuni, pua kuziba, moyo kwenda polepole na vidonda vya tumbo, madhara yote ya kidonge cha resepini, yalitoka kwenye mti. Tofauti ni kwamba kidonge kina miligramu zinazojulikana, na kikombe cha mizizi hakina: mti huu si ule, mzizi wa kiangazi si wa masika. Hata juisi ya rosela, ambayo majaribio yameonyesha inashusha presha kiasi, ukiinywa kwa wingi juu ya vidonge inaweza kukushusha kupita kiasi, ukaamka usiku kwenda msalani ukaanguka. Kwenye nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya Uluguru, kuanguka si jambo dogo. Kama unatumia dawa ya asili, itaje kliniki bila aibu, na mhudumu asikugombeze. Anayegombezwa leo kesho atanyamaza, na dawa mbili zitakutana mwilini bila mtu wa kuzisimamia.

Kuna hatari nyingine ambayo mgonjwa hana kosa nayo, dawa mbovu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni bandia au haifikii kiwango. Utafiti mmoja uliopima sampuli 1,530 za dawa za moyo na presha katika nchi kumi za Afrika, Kongo ya Kinshasa ikiwemo, ulikuta karibu moja kati ya sita ni mbovu, amlodipini na kaptopili zikiongoza. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi hizo, lakini joto la rafu ya bati na vidonge vinavyofungwa kwenye kipande cha gazeti bila jina wala tarehe havijui mpaka. Nunua kwenye famasia au duka la dawa lililosajiliwa, chukua dawa ikiwa kwenye pakiti yake, soma jina na tarehe ya kwisha muda, na uweke mbali na jiko na jua. Hata viwanda vikubwa hukosea. Mwaka 2018 valsatani iliyotengenezwa na kiwanda kimoja cha China ilikutwa na uchafu uitwao NDMA, unaodhaniwa kusababisha saratani, ikarudishwa kutoka nchi nyingi. Kwa makadirio ya mamlaka ya dawa ya Marekani, watu 8,000 wakimeza kipimo kikubwa kabisa kila siku kwa miaka minne, huenda saratani moja zaidi ingetokea. Ndiyo maana wagonjwa waliambiwa wasiache kumeza mpaka wapate mbadala: kiharusi cha kuacha ghafla kilikuwa karibu zaidi kuliko saratani ile. Hapa nchini kazi ya kusimamia ubora ni ya mamlaka ya dawa, TMDA, na kwenye vituo kuna fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Ukipata dhara, omba ijazwe. Dhara lisiloandikwa halihesabiwi, na dawa isiyohesabiwa madhara haiondolewi sokoni.

Pingamizi la mwisho ni la kweli na silikwepi: haya yote yanahitaji vipimo, na vipimo viko mbali. Zahanati nyingi za mlimani hazipimi madini ya damu wala figo, na nauli ya kushuka hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini ni fedha ya mbegu. Kwa hiyo panga mambo machache uyafanye vizuri. Ukishuka sokoni kuuza mazao, siku hiyohiyo pita upime presha, na mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi kama unatumia enalapili, losatani au dawa za kukojoza, omba kipimo cha figo. Andika kwenye daftari jina la kila kidonge, kipimo chake na tarehe ulipoanza. Mtoto wa shule anaweza kukuandikia. Usisubiri vidonge viishe ndipo utafute vingine, hasa masika barabara zinapoteleza. Viongozi wa vijiji na halmashauri nao wana deni hapa: mashine ya presha inayofanya kazi na dawa za kuendelea nazo mwezi hadi mwezi ni haki ya mkulima wa Bunduki sawasawa na ya mfanyakazi wa mjini.

Kama ulishaacha dawa zako kwa sababu ya dhara lolote kati ya haya, usizianze tena mwenyewe kwa kipimo kilekile. Wiki hii chukua pakiti zote ulizonazo, za hospitali, za duka na za mganga wa jadi, zitie kwenye mfuko mmoja, nenda kapimwe, na mwambie mhudumu lililokusibu na lilipoanza.